Muhuri wa Shaba

Wakiwa ukingoni mwa chemchemi, binti msanifu wa majengo aliifungua ramani yake, akaona mjomba wake ameifuta chemchemi hiyo na kuchora maegesho ya magari.

"Na wanaochota huko bondeni, mjomba?"

"Kwani hao watanunua nyumba zangu? Gonga muhuri, mpwa wangu, nipate kibali."

"Maji haya hukuyaumba wewe."

"Basi ulete, nigonge mwenyewe!"

Binti akaunyoosha mkono juu ya maji, akaufumbua. Muhuri wa shaba ukazama ukimetameta, ukatua juu ya mchanga mweupe, jina lake likitazama juu.

"Umo humo," akasema, akiikunja ramani. "Ukiifukia chemchemi, umeufukia nao."

Alipogeuka, mjomba alikwisha kuvua kiatu kimoja.