Amri Iliyomezwa Njiani

Zamaradi alikuwa mjini, akilifungua lango la bwawa kwa kompyuta, mlinzi wa huko alipompigia. Kwenye simu alisikia wanawake wanaofua mtoni wakimtania mlinzi, “Mzee Kitwana, umekuja kutuchungulia?”

“Simamisha maji, binti! Kuna watu huku chini!”

Akabonyeza vitufe vya kusimamisha. Kompyuta yake ikaimeza amri ile, ikadhani ni yake, ikakata mawasiliano na kompyuta ya bwawani inayoendesha lango. Lango likazidi kufunguka.

Akaunganisha upya. Ndipo akakumbuka: hubonyezwa mara mbili, ya kwanza iliwe na mashine ya karibu, ya pili ifike mbali. Akabonyeza hivyo.

“Mzee, limesimama?”

Akaibana simu sikioni. Vicheko vilikuwa vimekatika, na ndoo moja ilisikika ikigongagonga mawe, ikienda zake.