Siku Saba za Simu ya Mama

Mama alifariki Jumanne asubuhi, wodini, nikiwa nimemshika mkono. Nilipogeuka kukusanya vitu vyake, simu yake haikuwepo mezani.

Siku hizi mtu huhesabiwa hai maadamu simu yake inajibu meseji. Kibali cha kuzika hutolewa simu ikinyamaza siku saba. Nimekwenda ofisi ya mtaa mara nne na karatasi ya daktari.

"Dada, mama yako yuko hewani," karani aliniambia leo. "Ametujibu meseji saa mbili asubuhi. Nitamwandikaje marehemu?"

"Yuko mochwari, kaka. Nenda kamwangalie! Anayeandika ni mwizi."

"Mwizi gani anajua kwamba mama yako humwita mzee wako Kidevu?"

Anajua kwa sababu amesoma yote. Miaka kumi na moja ya meseji za mama imo kwenye simu ile.

Nyumbani nilimkuta baba ameinamia simu yake, anatabasamu.

"Mama yako ameniuliza kama nimemeza dawa ya presha."

"Baba, ulimwona mwenyewe mochwari. Usimjibu huyo mtu."

"Najua, mwanangu. Lakini nani mwingine ataniita Kidevu?"

Nilimnyang'anya simu. Chini ya swali la dawa kulikuwa na lingine: "Kidevu, funguo za mlango wa nyuma bado tunaziweka kwenye ndoo ya mkaa?"

Baba alikuwa ameshajibu ndiyo.

Nimezihamisha funguo. Kwa kuwa simu ya mama imeandika tena, siku saba zinaanza kuhesabiwa upya leo.