Mapatano ya Kutopiga Kura

Mbwa alikuwa ametembezwa mara tatu tangu asubuhi, na sasa hakutaka hata kuiona kamba yake. Mara mbili za kwanza Murdo Geddes alifika kwenye uzio wa shule ya msingi, akaona foleni imejaa watu wanaomfahamu, akageuza. Mara ya tatu aliingia, akapiga kura.

Siku hiyo ya Mei, Uskoti ilikuwa ikichagua bunge lake. Wakati wa kifungua kinywa, Murdo na mkewe Ishbel walikuwa wamepeana mkono jikoni. Murdo ni wa uhuru, Ishbel ni wa kubaki na London. Kura zao zingeuana tu. Basi wabaki nyumbani wote wawili, wasilowe mvua bure. Mapatano hayo waliyaanza mwaka 2014, kwenye ile kura ya Ndiyo au Hapana kuhusu uhuru wa Uskoti. Na mwaka huo pia Murdo alimtembeza mbwa. Mbwa mwingine, dhambi ile ile.

Cha kuchekesha ni kwamba kabla ya hapo hakuwahi kupiga kura hata moja. Baa nzima ilimjua kwa kelele zake za uhuru, lakini siku ya kura ikifika, ama ana mafua, ama kuna mechi. Ni mtu wa kupinga tu: daktari alipomkataza soseji ndipo alipoanza kuzila hata alasiri. Ishbel naye mwaka ule alibandika karatasi ya HAPANA ASANTE, kaulimbiu ya wasiotaka uhuru, si dirishani kama watu wengine, bali kwenye mlango wa friji.

Murdo akamdanganya mkewe, akapiga Ndiyo yake, na Ndiyo ikashindwa. Hata usaliti wenyewe haukumpa faida. Tangu hapo, kila Ishbel alipowaambia wageni, "Murdo wangu ana kasoro zote, lakini ahadi hutimiza," Murdo alitamani ardhi ipasuke immeze. Na leo amerudia. Aliona kabisa kwamba akinyamaza tena, hataweza kumtazama mwanamke huyu usoni.

"Ishbel, kaa chini."

"Si nimekaa? Nani kafa?"

"Nimepiga kura."

Ishbel akaweka kikombe mezani. "Leo?"

"Leo. Na ile ya uhuru pia. Nilikudanganya. Ukitaka nihamie kwa dada yangu, sema tu, nifungashe."

"Kwa Morag? Atakutimua kabla chai haijapoa." Akamkazia macho. "Ile ya uhuru ulipiga nini?"

"Ndiyo. Kwani ulidhani nini?"

"Nauliza tu. Na leo?"

"Hawa hawa wa uhuru."

"Karatasi zote mbili, ya jimbo na ya mkoa?"

"Zote mbili. Nisamehe, mke wangu. Mimi mtu wa hovyo kabisa. Miaka yote hiyo unanisifia, nami nanyamaza kama mwizi."

Machozi yalimlenga Murdo, akaona aibu, akajifanya anavua koti. Ishbel alishusha pumzi ndefu, akainuka, akammiminia chai.

"Kunywa, mzee, umelowa," akasema. "Mwaka ule mimi Ndiyo yangu niliituma kwa posta wiki mbili kabla hatujapeana mkono. Iliyokuwa ikininyima usingizi ni ya kwako: ningekuomba ukapige, ungeshikwa na mafua."