Vidole vya Jirani

Jumapili mchana, wapiga muziki walipoketi karibu na moto wa baa, Gobnait alifungua kasha la fidla kwa mkono mmoja. Ule wa kushoto ulikuwa umelala mapajani tangu apatwe na kiharusi mwezi Machi.

"Nani anaitaka?" akauliza. "Mimi nimemaliza."

Jirani yake, mpiga fidla mwenzake aliyeicheka polka ya marehemu baba yake Gobnait, wimbo wa dansi wa haraka, kwa miaka thelathini, akavuta kiti na kuketi kushotoni kwake.

"Iweke kidevuni, bibi wewe."

"Una wazimu, mzee?"

"Wewe vuta upinde tu. Vidole niachie mimi."

Akaishika shingo ya fidla. Vidole vyake vilikuwa vinene, kucha zimejaa udongo mweusi wa mboji. Gobnait akavuta upinde kwa hasira, na polka ya baba yake ikatoka, kwanza ikichechemea, kisha ikakaa sawa.

Walipofika sehemu ya pili, kidole cha jirani kikatetema juu ya uzi kwa namna ambayo marehemu hakumfundisha mtu yeyote ila binti yake.

Upinde ukasimama. Gobnait akageuka. Masikio ya mzee yalikuwa mekundu.

"Umeipata wapi hiyo?"

"Dirishani kwenu. Kila Jumamosi, nje, hata mvua ikinyesha. Baba yako hakunikaribisha ndani hata siku moja."

Gobnait akaisogeza fidla vizuri kidevuni.

"Tena," akasema. "Na safari hii usikimbie."