Ukurasa Uliopunguzwa

Manu aliandika amri upesi kwenye kompyuta, mgongo ameuelekeza mlangoni, mama yake asije akasoma kwenye simu kwamba mwanawe wa kwanza amekufa.

Habari alikuwa ameikuta mwenyewe kwenye ukurasa wa redio. Gari la mizigo aliloendesha kaka yake, Piesie, limepinduka likitoka mji wa Techiman. Dereva hakupona. Habari zaidi zitafuata.

Alimpigia mjomba wake, Wofa Ntiamoah.

"Tumeshasikia," mjomba akasema. "Tunakuja jioni na wazee. Kifo hakisemwi kwa simu, Manu."

"Lakini mama ataufungua ule ukurasa, Wofa. Huufungua kila akimaliza kupika. Na unajua moyo wake ni mgonjwa."

"Si wewe ndiye fundi? Zuia. Zuia nyumba nzima. Na wewe uache kuhangaika huko na huko. Kaa na mama yako."

Ukutani palikuwa na kisanduku alichokitengeneza Manu ili kufuta matangazo ya kamari. Kila ukurasa uliotoka kwenye seva ulipita hapo kwanza, ukakaguliwa, ukapunguzwa, ndipo ukafika kwenye simu za mle ndani. Kilifanya kazi ya msemaji wa chifu: neno kali linaingia kwake, linatoka limelainika. Sasa akakipa amri mpya. Habari yoyote ya ajali ikatwe, na pengo lizibwe kwa habari ya jana.

Akajaribu kwenye simu yake. Bei ya kakao. Mpira. Mvua. Ajali haipo.

Kisha akaizima sauti simu hiyo, rambirambi zisije zikalia mbele ya mama. Mkewe, Konadu, alikuwa amesafiri kununua viazi vikuu, arudi kesho kwa basi. Tangu asubuhi hapatikani, na betri yake Manu aliijua, haikai na chaji. Afadhali, alijiambia. Atamweleza uso kwa uso.

Maame Serwaa, mama yake, alikuwa uani akimenya vitunguu, macho mekundu.

"Vitunguu gani hivi, mama, vya vita?"

"Kaa ule. Umekonda kama ufagio, watu watasema nakunyima."

"Sina njaa."

"Nani kakuuliza njaa? Nimesema kaa."

Akakaa. Akavuta bakuli la supu. Mama akafuta mikono, akachukua simu, na Manu akaacha kutafuna. Kidole cha mama kikapanda, kikashuka, kikapanda tena.

"Wewe ukurasa wa redio umeusoma leo?"

"Nimeusoma. Hamna kitu."

"Hamna kabisa?"

"Kakao imepanda. Basi."

Mama akamtazama kitambo, kisha akashusha pumzi. "Mungu ni mwema," akasema, akailaza simu kifudifudi.

Manu naye akamshukuru Mungu kimyakimya, ingawa kumdanganya mzazi kulimchoma.

Jua lilipopoa, wazee wakaingia: Wofa Ntiamoah, wazee wawili wa ukoo, na nyuma yao akina mama wa kanisani. Viti vilikuwa vimeshapangwa. Maame Serwaa akawapa maji kama ilivyo desturi, wakanywa, akawauliza wamekuja kwa habari gani. Manu akajisogeza nyuma ya kiti cha mama yake, mikono tayari kumdaka.

"Keti, Manu," Wofa akasema.

"Niache hapa hapa, Wofa. Nasimama na mama."

Wofa akamtazama dada yake. Maame Serwaa akainuka, akamshika Manu mkono, akamkalisha kwenye kile kiti chake, na wale akina mama wa kanisani wakaja kusimama nyuma ya Manu.

"Habari ya Piesie waliniambia asubuhi, mwanangu," mama akasema. "Nikaahidi sitalia mpaka nawe uambiwe yako. Kaka, mwambie sasa. Mwambie Konadu aliomba lifti kwenye lile gari."