Vidonge vya Karugendo

"Inua ulimi," Sista Kokushubila alisema.

Karugendo hakuinua. Alisimama mbele ya meza ya zahanati, mdomo kaufumba, macho kayashusha sakafuni. Benchi zima la wagonjwa likageuka kumtazama.

"Ndugu Karugendo. Inua ulimi."

Akainua. Kidonge kilikuwa pale chini, kimeanza kulainika pembeni. Kokushubila alijaza maji kikombe cha bati, akampa, na hakuyaondoa macho mpaka koo la mwanamume yule lilipopanda na kushuka.

Ulikuwa mwaka 1975, katika zahanati ya kijiji kimoja, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Ijumbi, upande wa Bukoba. Kokushubila aliiendesha peke yake. Alidunga sindano, alizalisha, alifunga vidonda, aliandika kadi. Wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa kumi na mmoja, na mpaka mwezi wa pili kila mmoja alikuwa akipewa vidonge vya mwezi mzima akameze kwake. Kisha siku moja vidonge vile vile vya serikali vikaonekana gulioni, vimetandazwa juu ya jani la mgomba pamoja na chumvi na sabuni. Kokushubila akatoa amri: kuanzia sasa, kila Jumatatu na Alhamisi, kila mgonjwa atameza mbele yake.

Watu walinung'unika, halafu wakazoea. Asiyezoea alikuwa Karugendo.

"Waitu sista," alimwambia juma la kwanza, kwa heshima na kwa sauti ya chini ili benchi lisisikie, "nipe niende navyo. Tumbo likiwa tupu vinanizungusha kichwa. Nyumbani kuna chakula."

"Kula kwanza ndipo uje."

"Basi nipe vya leo tu."

"Dawa hizi ni za wananchi, ndugu. Si za gulioni."

Akameza. Na baada ya kunaswa na kile kidonge chini ya ulimi, hakujaribu tena. Alikuja mvua ikinyesha, alikuja siku za kazi za shamba la kijiji, tena akiwa wa kwanza kwenye benchi. Kila alipotakiwa kuleta makohozi ya alfajiri, aliyaleta kwenye kikopo, kimefunikwa vizuri. Hilo ndilo lililomchanganya Kokushubila. Mwizi wa dawa angekwisha kukimbia. Huyu alikuja, akameza, na mwili wake ulinawiri. Kwenye shamba la kijiji alimaliza ngwe mbili wakati wenzake wakihangaika na moja.

Mwezi wa saba Daktari Ildefons alifika kwa Land Rover kutoka Bukoba na majibu ya maabara. Aliyasoma amesimama, bila kuvua koti.

"Wagonjwa kumi wanaendelea vizuri," alisema. "Huyu Karugendo alianza vizuri kuliko wote. Mwezi wa pili makohozi yake yalikuwa karibu kusafika. Sasa vijidudu vimejaa kuliko siku ya kwanza."

"Anameza mbele yangu, daktari. Kila Jumatatu na Alhamisi. Namkagua mpaka chini ya ulimi."

"Unammezesha nini, sista?"

Kokushubila alihisi masikio yakimwaka moto. Miaka tisa ya kazi, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali la namna ile.

"Nitarudi Ijumaa," daktari alisema. "Kama hutakuwa na maelezo, utanikabidhi funguo za kabati la dawa."

Alhamisi ile, kwa mara ya kwanza, Karugendo hakuja.

Saa sita mchana Kokushubila alifunga zahanati, akatia kadi ya Karugendo mfukoni mwa gauni lake jeupe, akashika njia ya mlimani. Alitembea haraka, huku akipanga maneno. Bila shaka mtu huyu alikuwa akijitapisha kila akitoka zahanati. Pengine alikuwa na mteja wa vidonge, pengine alikuwa akishinda kwenye lubisi, ile pombe ya ndizi, na kusahau kwamba ana mapafu. Atamfikisha kwa balozi wa nyumba kumi, na balozi ataandika barua, na barua hiyo ataisoma Daktari Ildefons kesho. Alimhitaji Karugendo awe na hatia. Alilijua hilo, na halikumpunguzia mwendo.

Kabla hajafika aliuona moshi ukitoka katikati ya kibanja, shamba la migomba lililoizunguka nyumba. Wanaume walikuwa wamekaa kuuzunguka moto, bila mazungumzo. Ndani ya nyumba wanawake walikuwa wameketi juu ya nyasi mbichi zilizotandazwa kwa msiba.

Amekufa, alijisemea. Nimemuua mtu nikimwita mwizi.

Lakini aliyetoka migombani kumpokea alikuwa Karugendo mwenyewe, udongo mwekundu umemfika magotini, mabega yake mapana kama siku zote. Alikuwa amembeba begani mtoto wa kike wa mwaka mmoja hivi, aliyelala.

"Pole, ndugu yangu," Kokushubila alisema. "Ni nani?"

"Mke wangu. Benadetha. Tumemzika asubuhi."

Kokushubila alilijua jina hilo kwenye kadi tu, mahali pa kuandika jamaa wa karibu. Uso wake hakuwahi kuuona.

"Aliumwa? Mbona hukumleta kwangu hata siku moja?"

Karugendo alimtengeneza mtoto begani, kichwa kisilegee. Hakuonyesha hasira. Alizungumza taratibu, kama mtu anayejibu maswali ya kadi.

"Nilimsihi sana. Aliogopa mtamtenga na mtoto." Akamfuta mtoto jasho la shingoni. "Alikuwa ameshapata nafuu, sista, mpaka siku ile uliposema nimeze mimi, mbele yako."