Fungu la Katikati

"Piga nje!" alipaza sauti Nurdini. "Faruku mwanangu, piga nje!"

Uwanja mzima wa Newala ukageuka kumtazama. Mechi ilikuwa ukingoni, Newala inaongoza bao moja kwa bila dhidi ya Masasi, na Faruku, aliyeingizwa kipindi cha pili, alikuwa amebaki yeye na golikipa tu. Tangu aanze kucheza mpira hajafunga bao hata la bahati mbaya. Na anayemwomba asifunge ni baba yake mzazi.

Nurdini hakuwa amerukwa na akili. Alikuwa na dau kwa Mujibu.

Mujibu ana ghala la magunia karibu na soko, na ana mchezo wake. Mafungu ni matatu. La kwanza, Masasi ishinde kwa tofauti ya mabao mawili au zaidi. La pili, Newala ishinde vivyo hivyo. La tatu ni la katikati: sare, au timu yoyote ishinde kwa bao moja tu. Kila fungu lina mtu wake mmoja, kila mtu anaweka kitu, na mshindi anaondoka na vitu vyote. Hela haishikwi, kwa hiyo Nurdini alijiridhisha kwamba hiyo si kamari, ni mazoezi ya akili. Vitu vyenyewe hufunikwa magunia, na majina hayatajwi mpaka mechi iishe. Mujibu anawajua wateja wake: mtu akiamua kuweka dau, mara nyingi anaweka cha mwenzake.

Nurdini alichukua la katikati, akaweka cherehani ya mkewe.

"Dada Ziada ameiazima, kule Chilangala," alimwambia Zena jioni ile. "Ana sare za shule za kushona."

Alikuwa amejiandaa kwa vita. Cherehani hiyo ndiyo inayowalisha msimu wa korosho ukiisha, na Zena hamruhusu mtu hata kuiegemea. Lakini mama wa watu aliendelea kuchambua kisamvu.

"Sawa," alisema. "Si wifi yangu?"

Nurdini akapumua. "Na mashine yangu je?"

"Bado iko kwa fundi, Masasi. Anasubiri kipuri."

Mashine yenyewe ni ile ya kupulizia salfa kwenye mikorosho. Nurdini aliinunua kwa jasho, akaifunga kitambaa chekundu kwenye mpini isipatwe na kijicho, na huilaza chumbani, upande wake wa kitanda. Zena aliwahi kusema kwamba ingekuwa inajua kupika, yeye angesharudishwa kwao. Lakini ilipoanza kuvuja petroli, Zena huyo huyo ndiye aliyejitolea kuipeleka kwa fundi. Nurdini alimshukuru Mungu kwa kumpa mke mwenye roho nzuri hivyo.

Siku ya mechi Zena naye alikuja uwanjani, jambo ambalo si kawaida yake.

"Baba Faruku," aliuliza, "haya mafungu watu wanayoyasema. Ina maana timu yako inaweza kushinda na bado ukalia?"

"Inaweza kabisa. Ndiyo maana ni mambo ya watu wenye vichwa. Wewe tazama mpira."

"Haya."

Faruku alipokuwa anaingia uwanjani, Zena alisimama akamwinulia vidole viwili. Nurdini alidhani anamwita muuza karanga.

"Moja inatosha," alimwambia.

Basi ndiyo hapo mpira ulipomfikia Faruku. Alisikia sauti ya baba yake, na Faruku ni mtoto mtiifu. Alilenga nje kabisa, akapiga kwa nguvu zake zote. Shida yake ni kwamba hajawahi kupiga mpira ukaenda anakolenga. Uliingia kona ya juu.

Mbili bila. Nurdini alikaa chini akalia. Watu wakambeba juu juu, wakamzungusha uwanja mzima, wakisema hawajawahi kuona mzazi mwenye furaha kama ile.

Walipomshusha alikimbilia ghalani kwa Mujibu.

"Aliyechukua fungu la Newala ni nani? Niambie nikamwangukie miguuni. Zena akijua cherehani imeondoka, mimi nimekwisha."

"Tulia," alisema Mujibu. "Yuko njiani."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Zena. Moyo wa Nurdini ulishuka mpaka kwenye kandambili.

"Mama Faruku, mimi nimepita tu kumsalimia Mujibu..."

Zena alishtuka kumkuta pale, lakini akajikaza.

"Mujibu, nimefuata vitu vyangu," alisema.

Mujibu akavuta gunia la kwanza. Ilikuwa baiskeli ya Alfredi, muuza duka wa Masasi. Akavuta la pili. Zena aliitazama ile cherehani, akaigusa gurudumu, akaitazama tena.

"Kumbe Chilangala ndiyo hapa," alisema polepole.

Aibu ilimpanda Nurdini, na kwa kuwa hakujua pa kuipeleka aliigeuza hasira.

"Na wewe je? Mke wa mtu, mama mzima, unacheza kamari! Umeweka nini? Mle ndani kwetu kuna kitu gani cha kuweka?"

Mujibu akavuta gunia la tatu. Kitambaa chekundu kilikuwa bado kimefungwa kwenye mpini.

"Fundi anakusalimu," alisema Zena.